Koki Mbili za Mama Moshi

Tarehe 9 Januari

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Shemeji yako anakohoa kidogo, mimi nasumbuliwa na magoti, na paka amezaa tena ndani ya kapu la nguo. Kama nawe ni mzima, basi huna kisingizio cha kukaa miezi minne bila kuandika. Nimeacha kukupigia simu kwa sababu nimegundua mtandao wa huko kwenu una akili, unakatika kila ninapofika kwenye jambo lenyewe. Karatasi haikatiki. Utasoma mpaka mwisho, halafu utajibu, na mistari inyooke. Barua yako ya mwisho niliisahihisha kwa kalamu nyekundu nikakupa arobaini kwa mia. Mtu akifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na miwili, kustaafu hakumsaidii.

Wifi mwambie kitambaa kilifika. Nimeshona mapazia, yamekuwa mafupi, kosa ni la dirisha.

Sasa jambo lenyewe. Mama Moshi anafufuliwa.

Namaanisha tagi lenu la mvuke, lile lile lililovuta meli kuingia na kutoka bandarini mpaka likachoka, kisha likatupwa kwenye matope nyuma ya ghala la chumvi, mbuzi wakawa wanapanda sitahani kuota jua. Sasa lina Kamati. Kamati ina Mwenyekiti, aliyekuwa mkubwa wa forodha na hajawahi kushuka chumba cha mashine tangu azaliwe. Ina Mtaalamu, aliyesomea vitu vya kale, anayevaa glavu nyeupe ili ashike chuma chenye kutu. Juzi waliokota kandambili moja chini ya boila. Wameiosha, wameipa namba, wameiweka kwenye kabati la kioo, na karatasi pembeni inasema: Kifaa namba 41, kiatu cha baharia. Ni kandambili ya mpishi wenu. Shemeji yako aliitambua kwa namna ilivyolika kisigino. Akanikonyeza, akasema tuwaache na furaha yao.

Neno lao kubwa ni "uhalisi". Kila kitu kirudi kama kilivyokuwa. Wamebishana wiki tatu kuhusu wekundu wa dohani, mpaka mmoja akajiuzulu.

Lakini sikukaa kwenye meza hii kukuandikia habari za rangi. Wamemwomba shemeji yako awe mtia makaa siku ya kuliwasha. Wanaolijua boila lile mmebaki wawili, yeye na wewe, na wewe uko mbali siku mbili kwa basi na hujibu barua. Alikubali kabla hawajamaliza kuomba. Unajua kwa nini. Imekuwa miaka ishirini na tisa tangu asubuhi ile alipofungua koki ya NDANI akidhani ni ya NJE, maji ya moto ya boila yakamwagika chumbani badala ya kwenda baharini, akaungua mikono yote miwili mpaka viwikoni, kisha akafukuzwa kazi kwa uzembe. Sokoni mpaka leo wanamwita Nje-Ndani. Hata watoto waliozaliwa juzi wanamwita hivyo na hawajui sababu. Sasa anataka awashe boila lile lile mbele ya watu wale wale, na alizime bila mtu kuumia, ndipo jina hilo limtoke. Jana nimemkuta uani anajizoeza kurusha makaa kwa beleshi la bustani. Ana miaka sabini na miwili.

Siku yenyewe ni tarehe 20 Juni. Njoo usimame naye. Wewe ndiye uliyekuwa Injinia wake.

Dada yako


Tarehe 27 Februari

Dada mwalimu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia baada ya wiki nne, nadhani posta waliogopa kuifungua wakaogopa na kuileta. Huku hatujambo. Wifi yako anasema mapazia mafupi ndiyo mtindo sasa, kwa hiyo umetutangulia. Mimi niko na pampu zangu za maji. Watu wa huku wanaziharibu kwa bidii na mimi natengeneza, hakuna aliyeketi bure.

Kandambili imenichekesha mpaka mteja akaniuliza kama ni mzima. Waambie ya pili ilitumika kuzibia ufa wa dirisha la jiko, wakaitafute, waipe namba 42.

Kuhusu shemeji, mimi ningeshauri tofauti. Lile joto si la umri ule. Kule chini hakuna anayemwona mtu, anavuja jasho peke yake kama gunia la chumvi. Mwache akae juu, avae kofia, apige honi. Honi ndiyo heshima yenyewe, watu wanageuka. Kamati itafute mtu mwenye mgongo mpya.

Mimi mwezi wa sita sitaweza. Kuna mambo.

Na mambo ya zamani, dada, tuyaache yalale. Shemeji ni mtu mwema, kila mtu anajua. Jina la sokoni ni utani tu.

Ila kwa udadisi wa ufundi, wamefika wapi kule chini? Wamekwangua rangi ya zamani kwenye koki? Ningependa kujua kama vile vibao vidogo bado vinasomeka.

Mdogo wako,
Injinia


Tarehe 15 Machi

Injinia wa pampu,

Marahaba. Hapa wazima, watoto wa paka wameanza kupanda mapazia na mmoja anafanana na Mwenyekiti. Barua yako nilimsomea shemeji yako baada ya chakula cha mchana kama kawaida yetu, na kama kawaida aliniambia "rudia hapo" kwenye vichekesho. Kandambili namba 42 nimeirudia mara tatu. Nilipofika kwenye kofia na honi akaacha kucheka. Akasema, "Mwandikie shemeji kwamba honi atapiga Mwenyekiti. Ile kamba inavutwa tu, haihitaji kujua chochote."

"Kuna mambo" si jibu. Mtoto aliyeniletea "kuna mambo" darasani nilimsimamisha pembeni mpaka mambo yakapata jina.

Na umeandika "utani tu". Nimepigia mstari hapo. Utani ni pale anayetaniwa anapocheka.

Vibao vipo, na hapa ndipo utakapofurahi. Rangi yote ya chini imeliwa na kutu, hakuna kilichosomeka. Lakini Mtaalamu amefukua picha kwenye makabati ya ofisi ya bandari. Ilipigwa wiki ile Mama Moshi alipotoka chelezoni kutengenezwa, mabomba yote mapya, koki zote mpya. Chumba kizima kinaonekana, na wewe umesimama katikati, mikono kiunoni, sura ya mwenye nyumba anayesubiri kodi. Kila kibao kinasomeka. Mtaalamu ameikuza picha ukubwa wa shuka, na mchoraji wa mabango ya maduka anaviandika upya, herufi kwa herufi, pamoja na zile N zako zinazolala chali. Nilimwomba Mtaalamu aniruhusu nizinyooshe. Akanitazama kama nimeomba kukojoa sitahani. "Mama," akasema, "kama kuna kosa, tunahifadhi kosa."

Shemeji yako huenda kila Jumanne na Alhamisi. Akirudi ananuka grisi, anakula sahani mbili, na anatembea katikati ya barabara. Sijamwona hivyo tangu tuzeeke. Ndiyo maana sitamwambia avae kofia akae juu, na wewe usinitume tena.

Mbona vibao vimekushughulisha kuliko mtu?

Dada


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sisi wote wazima. Nakujibu siku ile ile barua ilipofika, jambo ambalo najua litakutia wasiwasi, lakini tulia.

Waambie wasiandike vile vibao. Au kama ni lazima, waandike namba, moja, mbili, tatu, ndiyo ya kitaalamu zaidi siku hizi. Ile picha ilipigwa kabla vibao havijarekebishwa. Baadhi yake vilikuwa na hitilafu. Hasa zile koki mbili za chini, ubavu wa kushoto wa boila. Vilipishana. Palipoandikwa NJE ndipo palikuwa NDANI, na palipoandikwa NDANI ndipo NJE. Ni makosa ya mwandishi, huwa yanatokea kwenye kazi. Koki inayomwaga maji baharini ni ile iliyo karibu zaidi na ukuta wa meli. Yeyote akifuata bomba kwa mkono ataona. Wabadilishe tu, yaishe, na mtu yeyote asiguse koki hizo boila likiwa na moto mpaka wabadilishe.

Wala usimsumbue shemeji. Hivi ni vitu vidogo vya kifundi. Msomee sehemu ya salamu, inatosha.

Wifi anakusalimu.

Mdogo wako


Tarehe 11 Aprili

Mdogo wangu,

Sote wazima, na paka pia.

Vibao vimefutwa. Mtaalamu alishuka na tochi akafuata mabomba kwa saa mbili, akapanda na glavu nyeusi, akasema uko sahihi, yamepishana. Unadhani alishtuka? Alifurahi. Anaandika makala. Anasema wafanyakazi wa matagi walikuwa na mfumo wao wa siri, wakigeuza maneno ili mgeni asiweze kuiba chombo. Mwenyekiti amempa mkono. Nadhani watakutungia jina la heshima.

Mimi sikusomea vitu vya kale. Nimefundisha darasa la kwanza, na swali langu ni la darasa la kwanza. Umeandika picha ilipigwa kabla vibao havijarekebishwa. Kabla ya lini?

Nyuma ya picha kuna tarehe. Ilipigwa Jumatatu. Mume wangu aliungua Jumatano ya wiki ile ile. Kwenye baraza la uchunguzi, Ijumaa, wakubwa waliteremka, wakatazama vibao, wakakuta viko sawa, NJE ni nje na NDANI ni ndani. Wakaandika kwamba maneno yote mawili yanaanza na N, na kwamba mtu aliyejifunza kusoma ukubwani ameyachanganya. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya mlango, nikiyasikia.

Kwa hiyo Jumatatu vimepishana na Ijumaa havijapishana. Katikati kuna Jumatano.

Na usiniambie habari za "mwandishi". Zile N nazijua. Mimi ndiye niliyekushika mkono kuziandika ukiwa na miaka sita, na zilikuwa zinalala chali tangu hapo.

Sijamsomea shemeji yako. Aliniuliza, nikamwambia barua haijafika. Miaka yote hii sijawahi kumdanganya kuhusu karatasi.

Dada


Tarehe 6 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumai nyote hamjambo, na vitoto vya paka vinaendelea vizuri. Nimechelewa kidogo. Goti la kulia lilivimba, nikapelekwa kwa daktari, daktari akasema ni goti. Halafu paa la karakana liliondoka na upepo, likapatikana kwa jirani, na jirani hakutaka kulirudisha bila maneno. Wifi yako naye ameanza kufuga kuku wa mayai na kuku hao hawajaambiwa habari za mayai. Kwa hiyo unaona mtu nilivyobanwa.

Kuhusu ulichouliza, ni siku nyingi sana. Mtu hakumbuki kila kitu. La muhimu ni kwamba vibao vimefutwa na hakuna atakayeumia, hilo nimelifanya mimi, na nilitegemea walau ahsante.

Wasalimie wote.

Mdogo wako


Tarehe 14 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo. Nimekurudishia barua yako ndani ya bahasha hii. Nimeisahihisha. Mwandiko mzuri, kuku wamenichekesha, alama ni sifuri, hukujibu swali.

Ahsante ya vibao unayo. Nimeitoa kwa dhati, maana ungeweza kunyamaza na angeungua tena. Baraza lilisikia tu kwamba alijifunza ukubwani; sasa nikueleze lililobaki, ambalo halijui mtu ila mimi na yeye.

Nilimfundisha kusoma kwa miezi saba, kwenye meza ya jikoni, baada ya kazi, mlango umefungwa. Alinikataza nisimwambie mtu yeyote, hata wewe. Wewe hasa. Aliona aibu mtu mzima kushikishwa kalamu na mkewe, na alitaka siku moja akushangaze. Alikuwa anasoma nikiwa nimemwekea kidole chini ya neno. Kidole kikiondoka, anapotea. Neno la kwanza kulisoma bila kidole changu, peke yake, hakuna mtu pembeni, lilikuwa kwenye kibao cha koki Jumatano ile. Alikuja kuniambia hospitalini, mikono imefungwa bandeji. Akasema, "Nililisoma, mke wangu. N, J, E. Nilijua nimelisoma." Halafu walipomaliza kikao cha Ijumaa akasema, "Basi sikulisoma."

Hajasoma neno tangu siku hiyo. Ninyi wote mnadhani namsomea barua kwa sababu ya macho. Macho yake yanaona sindano chini ya kitanda. Kwenye dirisha la hospitali anauliza mtu wa nyuma yake. Kwenye karatasi za serikali anaweka dole gumba. Vitabu vya jikoni nilivificha juu ya kabati kwa sababu alikuwa akiviona anatoka nje.

Tarehe 20 Juni atashuka kule chini akiamini bado kwamba yeye ni mtu aliyechanganya herufi. Ndicho anachokwenda kukiombea msamaha, mbele ya soko zima. Nataka ujibu kabla hajashuka. Na nataka uandike kwa herufi kubwa zinazosomeka.

Dada


Tarehe 1 Juni

Dada,

Shikamoo. Salamu za nyumbani nitaziandika siku nyingine.

Ni mimi. Niliandika NJE penye NDANI na NDANI penye NJE. Nilijua ninachoandika. Jumatatu niliandika, nikapigwa picha, nikajiona mjanja sana.

Unamkumbuka yule injinia waliyemleta kutoka makao makuu, tuliyemwita Mwenye Cheti. Alikuja kuchukua nafasi yangu. Mimi sikuwa na cheti, nilikuwa na miaka kumi na saba ya kulala na lile boila. Jumatano ilikuwa siku yake ya kupimwa mbele ya wakubwa. Nikasema acha asome vibao, si anajua kusoma sana. Afungue koki mwenyewe, chumba kijae mvuke, apande ngazi mbio bila kofia wakubwa wakimtazama. Nikajilaza nyumbani nikasema tumbo linauma. Nilikuwa nacheka kitandani, dada. Ukweli ndio huo.

Sikufikiria kwamba ni mikono. Nilifikiria aibu tu.

Na shemeji sikumfikiria kabisa kwa sababu nilijua hajui kusoma. Ndivyo nilivyopiga hesabu yangu. Watu wote kwenye chombo vibao vingewahadaa isipokuwa yeye, maana yeye hakuwahi kugusa koki mpya bila kuniuliza kwa mdomo, "Injinia, hii ni ipi?" Nikaona mimi sipo, hatagusa, atamwachia Mwenye Cheti. Lakini Mwenye Cheti alikuwa juu anasalimiana na wakubwa. Shemeji akashuka, akatazama kibao, akasoma. Hukuniambia kwamba ulikuwa unamfundisha. Nakuapia, laiti ningejua.

Mlipokuwa hospitali, saa kumi jioni, nilishuka na kopo la rangi nikavirudisha sawa. Niliandika haraka haraka, kwa hiyo N za pili ni mbaya kuliko za kwanza. Ijumaa waliniuliza kama vibao ni sahihi. Nikasema nimeviandika mwenyewe, ni sahihi. Mwenye Cheti akarudishwa makao makuu kwa kukosa uangalizi. Mimi nikakaa na kazi yangu miaka kumi na moja, mpaka Mama Moshi akastaafishwa. Kila mwezi nilipita nyumbani kwenu na kijizawadi, mkasema shemeji huyu ana moyo.

Nilihamia huku kwa sababu ya lile jina la sokoni. Nilikuwa nikilisikia wanamwita, nageuka mimi.

Sijui umsomee vipi. Labda anza kumsomea taratibu. Labda ruka hapo pa kucheka kitandani.

Mdogo wako


Tarehe 13 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo. Kikohozi kimekwisha. Vitoto vinne vya paka vimechukuliwa, aliyefanana na Mwenyekiti hakuna anayemtaka.

Barua yako niliisoma nimesimama pale pale posta, nikiegemea kaunta. Karani aliniuliza kama ni msiba. Nikamwambia ni ndugu.

Nina hasira nawe na sitaifunika kwa maneno ya ukubwa wangu. Nimekuwa nikikupikia, nikikusifu kwa majirani, nikimwambia mume wangu akuige. Ulikaa kwenye kiti changu, ukala, ukamtazama akishindwa kufunga vifungo vya shati kwa mikono ile. Na umeandika "hukuniambia kwamba ulikuwa unamfundisha". Hapo nimepigia mstari mpaka karatasi ikatoboka. Nilikaa siku nzima na mstari huo, kwa sababu ulinipata. Nikajiuliza, nisingemfundisha je? Kisha nikakurudishia. Mimi nilimfundisha mtu kusoma. Sitaubeba mzigo wako hata upande mmoja.

Sikumsomea. Hukupaswa hata kufikiria nitamsomea. Nilirudi nyumbani, nikafuta meza ya jikoni, nikaweka barua mbele yake, nikamwambia soma.

Akasema macho.

Nikamwambia macho yako ni mazima, na mimi nimechoka kuyasingizia.

Alitazama mlango, nikadhani ataondoka kama siku zote. Halafu akasogeza kiti. Aliweka kidole chake mwenyewe chini ya neno la kwanza. Alianza wakati chai inachemka, na alipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza jua lilikuwa limeondoka dirishani kabisa. Miaka ishirini na tisa si mchezo, herufi zilikuwa zinamponyoka. "Shikamoo" ilimchukua dakika nzima, nami nikakaa juu ya mikono yangu nisimsaidie. Alipofika kwenye "Niliandika NJE penye NDANI" akasimama. Akarudi mwanzo wa mstari. Akasimama tena pale pale. Akaigeuza karatasi upande wangu, akasema, "Nisahihishe. Mimi hapa naona NJE, halafu NDANI. Nimechanganya?"

Nikamwambia, "Hujachanganya."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Wala siku ile."

Akalia, mdogo wangu. Mzee mzima, mikono usoni. Kisha akajifuta, akaendelea kusoma, kwa sababu alisema hajamaliza. Pa kucheka kitandani hakuruka. Alipasoma mara mbili, kwa sauti.

Nilimuuliza kama bado atashuka tarehe 20. Akasema kwa nini asishuke, yeye alifungua koki iliyoandikwa NJE kama alivyoambiwa, hana kosa na boila. Asubuhi alikwenda kwa Mtaalamu. Makala ya mfumo wa siri wa mabaharia imefia njiani, pole zetu kwake. Zile koki mbili bado hazina vibao. Mchoraji alikuwa na brashi tayari, shemeji yako akamzuia. Amesema kazi hiyo ina mwenyewe.

Barua hii naipeleka kwa dereva wa basi ili posta isiicheleweshe. Kuna basi Jumatatu na kuna basi Jumatano. Goti utakuja nalo. Kuku waachie wifi. Kopo la rangi lipo, brashi ipo, na wakati unaandika yeye atakuwa amesimama nyuma yako anasoma.

Ameomba nafasi hapa chini aandike mwenyewe. Nimempa kalamu nikaenda kusimama uani.

SHEMEJI. BARUA NIMESOMA MIMI MWENYEWE YOTE. NJOO NIKUONE.